Pamba ya Zege ya Njia ya Bunda

Tuliondoka nyumbani kwangu Makoko asubuhi kwa sababu mama yangu alikuwa amekataa uji tena. Baba alipofariki, nilimtoa mama shambani nikamleta kwangu mjini, na tangu hapo alikuwa anadonoa chakula, anakaa kwenye kochi nililomnunulia na kuangalia ziwa dirishani. Zahanati walisema hana ugonjwa. Mimi, mwalimu wa historia, nikaamua kwamba dawa ninayo: nimpeleke akauone mnara wa pamba uliojengwa kando ya barabara karibu na Bunda. Ataukumbuka ujana wake, ataridhika, tutamsalimia mama mdogo Butiama, kisha turudi kwenye kochi.

Barabarani nilizungumza mimi. Nilimweleza jinsi pamba ilivyoingia kanda yetu, mama huyu aliyelima pamba tangu sijazaliwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka Makutano. Nilikuwa bado naeleza niliposikia anakoroma.

Kabla ya kuingia Bunda, mnara ukatokea: nguzo ya kijani na juu yake mabonge manne meupe ya zege. Aliyeupiga picha niliyoiona kwenye simu alikuwa fundi kweli, maana kwa macho ulifanana na ubongo. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi hapo, ambaye kikundi chake ndicho kinautunza, aliniambia watoto wanauita bisi, na madereva wana jina lingine ambalo hawezi kulitaja mbele ya mama yangu. Waliujenga, alisema, ili wanaopita wajue watoto wa huku walisomeshwa na nini. Niliegemea nguzo nipigwe picha. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Nilipogeuka kuanza maelezo yangu, mama hayupo. Nyuma ya mnara kikundi kilikuwa kimepanda mistari michache ya pamba ya kweli, na mama alikuwa amechutama katikati yake, gauni la kanisani amelikunja magotini, anang'oa magugu. Nikamwambia atachafuka. Akaniambia nishike upande wa pili. Nilishika, na mche wa pili niliong'oa ulikuwa pamba. Mama aliuchukua mkononi mwangu, akaurudishia udongoni, akanituma nikakae kwenye gari. Alipomaliza mistari yote alikula hindi zima, akaomba lingine.

Mchana tulifika Butiama. Mama mdogo naye ni mjane, ana ng'ombe wachache na shamba. Niliteremsha begi la mama, zito ajabu, nikidhani ni zawadi za mdogo wake. Mama akalifungua: kanga, sufuria, na mabuti ya mpira.

Nikauliza mabuti ni ya nini.

"Mimi nabaki hapa," alisema. "Mwenzangu ana kipande cha shamba kimelala. Tumeshaongea."

Nikaanza kulalamika. Watu watasema nimemfukuza mama yangu. Mimi nilitaka apumzike tu.

"Mwanangu, umenipumzisha mpaka nimechoka. Nilikuwaga naamka nina kazi. Kwako naamka nasubiri chai."

Mama mdogo akakumbuka ghafla kwamba ana chungu motoni, akatoka. Nilikuwa na majibu mengi, lakini nilipoyapitia moyoni yote yalihusu kochi. Nikauliza akiugua itakuwaje.

"Nitakupigia, utakuja. Makoko siyo Ulaya."

Jioni nilirudi peke yangu. Mke wangu alitoka kunipokea, akatazama kiti cha pembeni, wala hakushangaa. Ndiye aliyemsaidia kufunga begi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mama alisema ungeanza kueleza."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kanisani walikuwa wananisifu jinsi ninavyomtunza mama, na sifa hizo nilizisikiliza vizuri, hakuna hata moja iliyonipita. Mama mwenyewe sikuwahi kumuuliza kesho anataka kufanya nini. Juzi alinipigia simu, nikamuuliza. Akaanza na kunguru wanaofukua mbegu, akaenda kwa jirani asiyefunga mbuzi wake, akamalizia kwa mvua. Mara mbili nilitaka kuchangia hoja. Nikanyamaza, naye akaendelea.