Mchwa wa Bibi na Vifaranga wa Jirani

Mwezi uliopita nilirudi Karatu kwenye harusi ya binamu yangu. Asubuhi, kabla watu hawajaanza kugombania pasi, nilitoka kutembea nikakata njia katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa, nikakanyaga bangi mwitu, si ile ya kuvuta. Kama umekulia kule juu unaijua harufu yake. Ni kali, halafu ina utamu kwa mbali, na ikishika gauni hata sabuni haiitoi. Nikasimama palepale kama mtu aliyeitwa jina. Wengine wanaona magugu tu. Mimi naliona banda la kuku la bibi yangu, maana hayo ndiyo majani aliyotandika kwenye viota ili utitiri wasiwasumbue kuku wanaoatamia.

Basi kaa nikusimulie.

Nililelewa na bibi, upande ule wa kupandia msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni na ng'ombe wa watu unamsikia kabla hujamwona. Bibi alikuwa Mwiraqw wa shamba na jembe. Kiswahili alikiokota kanisani na mnadani, na akikasirika alikiweka pembeni chote akarudi kwenye lugha yake. Kuku walikuwa ishirini na ushee, wa kila rangi, na katika maisha yake hakuwahi kuwanunulia chakula. Maji yao aliyatia vipande vya shubiri, akisema yanasafisha tumbo. Chini ya upenu wa jiko palikuwa na shimo la majivu ambamo kuku walijigaragaza mchana kutwa, na bibi alikuwa akisema kila mtu anaoga na vyake, sisi na maji, wao na majivu. Pumba tulizipata tukienda kusaga. Mnavu na mchicha tulichuma nyuma ya nyumba, tukafunga fungu kwa kamba, tukalining'iniza ili walirukie na kulidonoa. Nami nilipenda kukaa kwenye kigoda nikiwatazama wakiruka, mpaka uji wangu unapoa.

Kazi yangu hasa ilikuwa mchwa.

Kama hujawahi kuifanya, si ngumu. Unachukua chungu kilichovunjika mdomo, unakijaza mavi ya ng'ombe makavu na mabua ya mahindi yaliyopondwa, unanyunyizia maji kidogo. Jioni jua likianza kupoa unaenda kwenye kichuguu, unachimbua kidogo mpaka uone njia zao, unakifudikiza chungu hapo, unafunika na gunia na kuweka jiwe juu. Asubuhi chungu kimejaa mchwa weupe wanaochezacheza kama mchele ulio hai. Unakimbia nacho nyumbani. Ole wako ukijikwaa. Kuku walikuwa wameshazijua hatua zangu, wakinipokea getini kwa vurugu ambayo sijawahi kupokewa nayo na mtu yeyote tangu hapo, hata mume wangu.

Lakini shuleni kazi hiyo haikuwa na heshima. Jirani yetu alikuwa mama wa Kichaga, aliyekuja Karatu na mumewe, dereva wa watalii, akafungua duka karibu na njia ya lami. Binti yao tulikaa naye dawati moja, darasa la nne. Siku moja alinikuta nimebeba chungu, akasema mbele ya wenzetu, "Kumbe kwenu mnafuga wadudu!" Kuanzia hapo nikaitwa Mchwa. Mchwa njoo, Mchwa futa ubao. Hata mwalimu alijisahau mara moja akaniita hivyo, darasa zima likalala kwa kicheko. Nilicheka nao. Nikienda haja, nililia.

Yule jirani naye alifuga kuku, ila wa kisasa. Vifaranga mia moja wa mayai walikuja kutoka Arusha wakiwa kwenye maboksi yenye matundu, wakawekwa kwenye banda jipya la bati, na kila kitu walichokula kilitoka kwenye mfuko. Bibi alikwenda kuwaona, akarudi akitingisha kichwa. "Wazuri," akaniambia. "Lakini hawana mama. Nani atawafundisha kuwa kuku?"

Masika ya mwaka ule ikaja kwa hasira. Mvua ilinyesha mfululizo mpaka huko bondeni maji yakakata barabara. Malori yakakwama ng'ambo, na mjini kwetu magari ya watalii yakajipanga hayana pa kwenda, wazungu wakishuka kupiga picha tope letu kama vile ndilo walilolifuata. Siku ya kwanza tulifurahi. Siku ya nne sukari ikaisha dukani. Siku ya tano jirani akaja kwetu, khanga kichwani, matope mpaka magotini.

"Hodi bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Pita, kuna moto."

Hakukaa. "Bibi, chakula cha vifaranga kimeisha jana. Nimewapa unga wa sembe, wanauchezea tu. Wameanza kudonoana, wanatoana damu. Nimewekeza kila kitu pale, bibi. Sijui nifanye nini."

Bibi aliinua kifuniko cha sufuria, akakirudisha. Kisha akaniangalia mimi. "Tuna vichuguu vingapi?"

Vilikuwa vinne. Vitatu vilijulikana na kila mtu. Cha nne kilikuwa kwenye shamba letu la mbaazi, kikubwa kuliko vyote, na njia yake niliijua mimi peke yangu maana ilibidi upite ukiinama chini ya miti ya mbaazi. Nikamwona binti wa jirani amesimama nje kwenye michirizi ya maji, hajasogea, na kile kicheko cha darasani kikanijia chote masikioni.

"Vitatu," nikasema. "Cha mbaazini kimekufa."

Bibi alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Haya," akasema. "Weka vyungu kwenye hivyo vitatu."

Asubuhi tulipata mchwa wa kujaza sinia moja. Tukawachanganya na pumba na mnavu uliokatwakatwa, kwa sababu bibi alisema kifaranga asiyezoea akishiba mchwa watupu tumbo linafunga. Tukapeleka. Nilidhani ningeona vurugu kama za kwetu. Badala yake vifaranga mia moja weupe walirudi nyuma wakajikunja ukutani, wakawaangalia mchwa kwa woga. Hawakujua kama kile ni chakula. Mmoja alikuwa amelala pembeni, amekufa tangu alfajiri. Yule binti alimwokota akamfunga kwenye pindo la sweta ya shule, akatoka nje bila kumwangalia mtu.

"Nilisema hawana mama," bibi akanong'ona. Kisha akanigeukia. "Kamlete kuku wako."

Kuku wangu, niliyepewa na bibi awe wangu mwenyewe, alikuwa kidimu, yule ambaye manyoya yake yamegeukia juu kama aliyepigwa na upepo akabaki hivyo. Alikuwa kichekesho cha kijiji kizima. Siku chache nyuma mwewe alikuwa amemmalizia vifaranga wake wote sita, naye bado alikuwa anazunguka uani akiwaita. Nilimbeba chini ya koti, moyo wake ukipiga kwenye mbavu zangu, tukamweka katikati ya lile banda la bati.

Kidimu alijikung'uta. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaokota mchwa mmoja, akamdondosha chini, akaanza kuita, ko, ko, ko, ko, kwa ile sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwewe alipopita. Akaokota tena. Akadondosha tena. Kwa muda hakuna kilichosogea isipokuwa yeye. Halafu kifaranga mmoja alitoka kwenye kundi, akaja akijikwaa, akadonoa, akakimbia na mchwa mdomoni kama mwizi. Wenzake wakamfukuza wakitaka kumnyang'anya. Na hapo ndipo banda likalipuka. Vifaranga walimjia yule kuku wangu kama maji ya masika, wakampanda mgongoni, wakamwingia chini ya mabawa, naye akasimama katikati yao ameumuka na yale manyoya yake ya ajabu, anaita na kuita. Jirani alijishika kichwa akacheka na kulia kwa pamoja. "Aisee, bibi! Aisee!"

Sinia likaisha mara moja. Vifaranga wakabaki wanamtazama kuku, na kuku akanitazama mimi.

Nilitoka nje. Yule binti alikuwa anamfukia yule kifaranga kwa mikono karibu na karo. Nikachutama. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nikasema tu, "Kuna kichuguu kingine. Kikubwa. Twende nikuonyeshe, lakini utachafuka."

Akajifuta pua. "Nishachafuka."

Tuliinama chini ya mbaazi tukaloa mpaka ngozi. Nilipochimbua na mchwa wakamwagika, alipiga kelele akaruka nyuma, kisha akarudi, akaweka kidole. "Wanatekenya," akasema. Tukarudi kuomba vyungu zaidi. Bibi alikuwa mlangoni. Aliangalia magoti yetu, akaangalia majani ya mbaazi kwenye nywele zangu.

"Kumbe kile kilichokufa kimefufuka," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mungu ni mwema. Chukueni na ile sufuria iliyotoboka."



Siku zilizofuata ndizo ninazokutafutia maneno nisiyapate. Habari ilienea, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maji, watoto wote wakaja. Kila mmoja alileta alichonacho, kopo la rangi, ndoo bila mshikio, chungu cha mama yake bila ruhusa. Mimi ndiye niliyekuwa nawaelekeza, mabua hivi, maji kidogo, jiwe juu, na wakiniita Mchwa sasa walikuwa wanauliza kitu. Wengine walichuma mnavu. Wengine walifukua minyoo kwenye lundo la samadi. Asubuhi tulipanga mstari kuelekea banda la bati, tunaimba nyimbo za mchakamchaka, tope linarukia mpaka masikioni, na ukungu ukifunguka unauona msitu wote wa juu umeoshwa. Kurudi tulipewa chai ya tangawizi isiyo na sukari na maandazi yaliyopikwa kwa unga wa mwisho wa duka. Sijala maandazi matamu vile tena.

Barabara ilifunguka baada ya wiki moja na nusu. Vifaranga tisini na kitu walikuwa hai, na lori la chakula lilipofika, jirani alituambia wengine walikiangalia chakula cha mfuko kwa dharau.

Walipokua wakaanza kutaga, alimletea bibi kikapu cha mayai makubwa ya kahawia. Bibi aliona ni dhambi kuyala mayai mazuri vile. Akayawekea kuku wa kuatamia, akahesabu siku ishirini na moja, na nyingine saba za kumhurumia. Hakuna kilichotoka. Akaenda kulalamika, nami nyuma yake.

"Mwanangu, mayai yako yana nini?"

"Bibi! Uliyaatamisha? Hawa hawana jogoo!"

Bibi aliegemea mlango wa duka. "Hawana mama, hawana baba," akasema. "Basi hata mimi nilikuwa nasubiri mawe." Wakaangaliana wale wanawake wawili, wakaangua kicheko wakashikana mabega, mpaka wateja wakatoka dukani kuuliza kuna nini.

Bibi ameshatangulia. Jirani alirudi kwao Kilimanjaro mumewe alipostaafu. Binti yake ni nesi Mwanza, tunapigiana simu sikukuu, na watoto wake wananiita mama mkubwa. Shamba la mbaazi sasa ni loji yenye bwawa la kuogelea. Sina ugomvi nayo, vijana wetu wanafanya kazi mle.

Nami nafuga kuku wangu Arusha, saba tu, nawanunulia chakula kama watu wote. Ninachokikumbuka hasa ni zile asubuhi ambazo watoto wa kijiji kizima waliamka mapema, wakashika vyombo vyao wakatoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wale vifaranga ni wa nani.