Kitanda Kwenye Kona ya Ngazi

Mume wangu ni seremala, na mtaani wanamwita Fundi Kimya. Siku aliyokuja kwetu kunichumbia, aliyezungumza ni mjomba wake. Yeye alikuwa anakagua miguu ya meza ya baba. Kwa hiyo manispaa ilipotangaza mkutano wa maoni kuhusu maghorofa mapya, nilijua msemaji wa nyumba yetu ni mimi. Mdomo ninao, namshukuru Mungu.

Maghorofa yangejengwa hapahapa, nyumba zetu zikishabomolewa, na kila familia ingepewa vyumba kwa kura, kuanzia chini mpaka ghorofa ya nne, bila lifti. Mtaa ukagawanyika. Jirani yetu muuza mkaa alipinga kabla hata hajasikia habari yenyewe. Dada wa saluni alitaka kuhamia kesho yake. Mimi roho yangu ilikuwa kwa mama mkwe. Miguu yake imekataa mwaka wa tatu huu, na kila Jumatatu wanaume wanne humpeleka kliniki akiwa amelala kwenye kitanda chembamba chenye mishikio, alichotengenezewa na mwanawe. Kura ikitutupa juu, atashukaje?

"Mama hafungiwi juu," mume wangu alisema, akaenda zake karakana.

Sasa, huyu bwana ana kawaida yake. Hakati ubao kabla hajakichora kitu sakafuni kwa chaki, ukubwa wake kamili, akakizunguka na kukitazama. Nimefagia makabati ya chaki mpaka nimechoka. Basi akaenda ofisi ya manispaa, akanakili vipimo kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, na asubuhi ya mkutano akapiga magoti kwenye ukumbi wa shule, akachora ngazi nzima, na ile kona yake ya kugeukia.

Mhandisi alipofika, kijana nadhifu na kompyuta yake, aliikanyaga bila kujua. Akatuonyesha picha: maua, madirisha yanang'aa, watoto wanacheka. Watu wakapiga makofi. Nikasimama, maneno yamenijaa mdomoni. Mume wangu akanivuta gauni.

"Kaa, mke wangu."

Haa! Miaka kumi na tisa hajawahi kuninyamazisha. Nikakaa kwa mshangao tu.

Akatoka nje, akarudi na wenzake watatu wamebeba kitanda, na mama mkwe juu yake, kavaa gauni lake zuri, anasalimia watu kulia na kushoto.

"Mhandisi," mume wangu akasema, "hii uliyosimama ni ngazi yako, vipimo vyako. Njoo ushike hapa. Tumpandishe mama."

Angekataaje mbele ya mtaa mzima? Akashika. Wakaenda vizuri mpaka kwenye kona, kitanda kikavuka mstari. "Ukuta!" watu wakapiga kelele. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena. "Ukuta!" Jasho likamtoka kijana wa watu.

"Labda kisimamishwe wima," akasema.

"Nisimame wima?" mama mkwe akamuuliza. "Ningekuwa naweza kusimama, mwanangu, ningekusumbua wewe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Karani wa manispaa akachukua fomu yake, akauliza, "Sasa fundi, tukuandikeje? Unaunga mkono au unapinga?"

Mume wangu akafuta chaki mikononi. "Nyumba nzuri naitaka. Lakini mama yangu ataingia humo akiwa hai, na nataka awe anatoka akiwa hai. Andika hivyo."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa muuza mkaa. Mimi nililia hadharani, wala sikuona haya. Yule ni mume wangu!

Miezi miwili baadaye ramani mpya ikatoka: ngazi imepanuliwa, kwenye kona kitanda kinageuka bila kugusa ukuta. Wagonjwa na wazee wakaambiwa hawaingii kwenye kura, wachague wenyewe. Karani akaja nyumbani na daftari lake.

"Bibi, nimeshakuandika chini," akasema. "Hutapata tabu tena."

Mama mkwe akajiinua kwa kiwiko. "Nani kakwambia nataka chini? Futa. Niandike ghorofa ya nne."

"Bibi, ya nne?"

"Ndiyo. Ngazi kaipanua mwanangu. Mnataka nani aipande?"