Pikapu Ambayo Mama Aliijua kwa Mngurumo

Mume wangu alinunua pikapu ya kushinda matope, kisha akaanza kuyakwepa matope. Springi zake zimeinuliwa hivi kwamba kuipanda ni kama kupanda mpera. Tairi zina meno, na ubavuni kuna bomba refu la kupumulia lililopanda mpaka juu ya paa, ati siku tutakapovuka mto. Mto gani? Alikuwa akiendea maziwa mjini Kakamega, kwa lami, na akirudi anaiosha. Hata kidimbwi cha pale langoni alikizunguka.

Nilimcheka sana, lakini niliitamani. Injini ile ikiguruma, hata nikiwa kiti cha abiria, nilijiona mtu wa maana. Usukani sikuruhusiwa kuugusa. Nina kigari changu na leseni, ila alisema hii inataka mkono. Mkono upi nisio nao, hakueleza.

Sifa za majirani alikuwa nazo tele, wala hazikumshibisha. Aliyoitaka ni ya mama yangu, na hiyo ndiyo asingeipata. Kwetu Kabras mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana: hawapeani mikono, hawaketi karibu, hawatazamani usoni. Kila tulipofika kwa mama, kando ya Malava, alisikia mngurumo akaingia jikoni na kurudisha mlango. Gari lililokodolewa macho na kila mtu, mama alilijua kwa sauti tu. Jambo hilo lilimuuma mume wangu kwelikweli. Kuna siku alipiga honi bila sababu yoyote, nikamwonea huruma.

Kisha ikaja harusi ya binti wa dada yake mama, huko Bukura. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na trekta za miwa zilikuwa zimeichimba njia ya kwa mama hata boda boda zikagoma kuingia. Mama ndiye mkubwa wa ukoo. Bila yeye bibi arusi asingetoka nyumbani. Mume wangu alifurahi mpaka akaniudhi. Siku yake ilikuwa imefika.

Tulipofika, mume wangu akiwa ameikwepa mitaro kwa kutambaa pembezoni mwa miwa, mama alikuwa jikoni kama kawaida, mume wangu kando ya pikapu, nami katikati ya ua.

"Mwambie mama aketi kiti cha nyuma," mume wangu akasema.

"Nikae nyuma nimkoholee kisogoni?" mama akaniuliza kupitia mlango. "Na kile kioo cha hapo juu? Si kitamwonyesha uso wangu njia yote?"

"Mwambie nitakigeuza."

"Mwambie akikigeuza hataonanga nyuma. Atatuua sisi wote pamoja na heshima yetu."

Walikuwa wakisikiana vizuri kabisa. Mimi nilikuwa waya wa simu tu, na waya nao una akili zake.

"Basi niendeshe mimi," nikasema. "Mama akae mbele nami. Baba watoto, wewe panda nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kule kwa mizigo. Pamoja na ingokho."

Kuku huyo alikuwa zawadi ya mama kwa bibi arusi, na alikuwa amefungwa miguu tayari. Mume wangu alitazama mawingu, akanitazama mimi, akautazama ule mlango wa jikoni. Akatoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akageukia shamba la miwa, akampa mama mgongo, nami nikamsukuma mama apande, mguu mmoja juu ya kreti la soda.

Tulipoingia kwenye mitaro ya trekta niliogopa, nasema wazi. Nikatia gia ya nguvu, nikakanyaga mafuta. Pikapu ikainama, ikanguruma, ikajikwamua kama ng'ombe dume aliyeghadhibika. Matope yakaruka juu ya paa. Mama, aliyekuwa akisali kwa Kiluhya, akanyamaza ghafla.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza. Nikaelewa kwa nini mume wangu aliipenda, nikashangaa alivyojinyima utamu huo siku zote. Mama alicheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni. Nyuma, kuku alilia, na mtu mwingine pia.

Bukura tulipokelewa kwa vigelegele. Mume wangu aliteremka rangi moja na barabara, kuku kwapani, akasimama mbali kidogo huku ametazama chini, kama inavyompasa. Mama akakirekebisha kilemba na kumpa ubavu.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi, "hii gari nimekuwa nikiisikianga tu nikiwa jikoni. Leo nimeipanda. Ni gari ya mwanaume."

Nikamgeukia mume wangu. Macho yake yalikuwa yanang'aa katikati ya matope yale.

"Amesema nini?" akaniuliza. "Sikusikia vizuri. Mwambie arudie."