Buti za Kaingu

Taib Muhdhar, fundi viatu wa Mji wa Kale, hakuwahi kuingia msituni hata siku moja, lakini mwaka ule wa sitini na tano aliuona msitu kila alipoinamia kazi. Alikuwa akimshonea buti Kaingu, mkata magogo wa milima ya Shimba. Ngozi nene ilinukia mafuta, uzi wa nta ukapita na kurudi, na Taib akasikia majani mabichi yakidondosha maji, miti mirefu ikilala taratibu kama watu waliochoka.

Kaingu alikuja kwa sababu ya mguu. Buti alizonunua dukani zilimbana, akazivua, akafanya kazi pekupeku. Shoka likateleza, likaondoka na vidole viwili.

"Fundi, nataka buti nitakazosahau kuwa nimezivaa," alisema.

Taib alimpokea kama apokelewavyo mgeni. Alimkalisha barazani, akamtilia kahawa, akamweka mguu juu ya goti lake mwenyewe, akaupima. Kumsimamisha mgeni ni aibu, ndivyo alivyolelewa.

Jumatano, baada ya alasiri, buti zilikuwa tayari: soli mbili zilizoshonwa, visigino vya mpira wa tairi. Kaingu akazivaa palepale barazani alipokaa. Lori la Shimba lilikuwa liondoke kesho yake asubuhi.

"Zimekaa?"

"Zimekaa, fundi. Kama soksi."

Nyuma ya dirisha, Swabaha, mkewe Taib, akacheka. "Kwani huko magogo hubebwa watu wamekaa?"

Kaingu naye akacheka. Taib hakucheka. Ile miti ya kichwani mwake ilisimama kimya. Akaonyesha gunia la makaa lililokuwa mlangoni.

"Simama, bwana. Jitwike lile, ushuke mpaka mwisho wa kichochoro, urudi."

Kaingu akaenda, akarudi anatoka jasho. "Sawa tu, fundi."

"Usinionee haya. Vidole vinagonga?"

"Kidogo. Nikishuka."

"Na mlimani unashuka mara ngapi kwa siku?"

Kaingu akalitua gunia.

Taib angeweza kunyamaza, mteja amesharidhika. Lakini adabu inayomwacha mgeni aende akaumie si adabu, ni kujipendekeza. Akapiga magoti, akafungua kamba kwa mkono wake.

"Hizi haziendi msituni."

"Na lori je?"

"Jumamosi liko jingine. Umebakiwa na vidole vinane tu, Kaingu."

Akamsimamisha juu ya kipande cha boksi, gunia begani, akauzungushia mguu penseli. Chini ya mzigo ule mguu ulikuwa umetanuka na kurefuka, kama si ule alioupima kwanza.

Jumamosi Kaingu aliondoka na buti mpya. Zile za kwanza Taib alizitundika juu ya mahali pake pa kazi, akakataa kuziuza. Tangu hapo, kila aliyetaka buti za kazi alipimwa amesimama, hata awe mzee wa heshima. Na baadhi ya alasiri, uzi ukiwa mkononi, Taib husikia harufu ya mti mbichi, na hatua nzito zikishuka mlima bila kusita.