Mwalimu Aliyeogopa Kukosa Jumamosi

Habari za msiba huu sikuzipata kwa mtoto wa marehemu, wala kwa jirani yake, wala kwa mtu wa kanisani kwake. Nilipigiwa simu Jumamosi mchana na mfugaji wa kijiji kimoja huko mbele ya Usagara, ambaye namfahamu kwa kuwa dada yangu ameolewa kijijini kwao. Nilikuwa Kirumba, hapa Mwanza, nimetoka soko la Mwaloni na mfuko wa dagaa mkononi. "Mwandishi, shikamoo," akasema. "Tuko Butimba, kwa Mwalimu. Tumemkuta amekufa." Nyuma yake nilisikia watu wanaongea Kisukuma kwa sauti ya chini na mbwa anabweka. Nikaketi kwenye benchi la muuza vocha, nikalia mbele za watu. Umri nilio nao unaniruhusu kutoona aibu kwa hilo. Muuza vocha alinipa maji ya kunywa.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, Mhaya wa Muleba, mgane, watoto wake wote wako mbali. Siwezi kudai kwamba tulikuwa marafiki wa kushibana. Yeye ndiye aliyenitafuta, baada ya kusoma katika safu hii hii malalamiko yangu kuhusu mbweha waliokuwa wanamaliza vitoto vya mbuzi vya dada yangu. Niliandika kwamba kijijini kule kuna kikundi cha wanaume ambao, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji na afisa wanyamapori, hutoka kila Jumamosi asubuhi kuwawinda, wenyewe juu ya baiskeli na mbwa wanakimbia pembeni. Basi akaja ofisini, akaketi, akaweka kofia magotini. "Hao watu wa mbweha," akaniuliza, "wanapokea mtu?" Nilicheka. Nikamwambia Mwalimu, mji huu una kwaya, una vijiwe vya drafti, una mpira kila wiki, mbweha wa nini tena kwa umri wako? Akaniambia kwamba utotoni alikuwa anatoka na baba yake kuwinda kwa mbwa, na kwamba baada ya msiba wa mkewe amenunua mbwa ili nyumba iwe na sauti. Kisha akasema, "Mama watoto alikuwa ananiuliza nimechelewa wapi. Siku hizi nikichelewa, nachelewa bure." Hapo nikaacha kucheka, nikampigia dada yangu simu.

Mara ya kwanza nilimsindikiza mwenyewe. Alikuja amevaa soksi ndefu kama mkaguzi wa shule wa enzi zile, na mbwa wake kamfunga shingoni kengele ya mti, kubwa, ya kuchongwa huko kwao. Wale Wasukuma wakaitazama ile kengele, wakatazamana, wakanyamaza, maana ni watu wenye adabu kwa mgeni. Kumbe kwao Muleba mbwa akizama kwenye migomba na vichaka humwoni tena, kengele ndiyo inayokueleza aliko. Huku kwetu ni mbuga tupu, na mbweha ana masikio. Mbwa wa Mwalimu akaondoka kogolo, kogolo, kogolo, na nadhani mbweha wa tarafa nzima waliingia mashimoni kwa pamoja. Asubuhi yote hatukuona hata mkia. Mwishoni kiongozi wao, yule yule aliyekuja kunipigia simu, alishuka kwenye baiskeli, akachuchumaa mbele ya mbwa, akampapasa kichwa. "Mwalimu, mbwa wako tumempenda," akasema. "Ila ninyi Wahaya, kila kitu lazima mjitangaze? Hata mbwa?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu naye akacheka, akaifungua kengele, akaitia mfukoni, na kutoka mfuko mwingine akatoa buni za kutafuna, akamgawia kila mtu kama wafanyavyo kwao. Wakatafuna kwa heshima, nyuso zimekunjamana. Mmoja alikwenda kutema nyuma ya kichaka akidhani haonekani. Jumamosi iliyofuata mzee alirudi, na mbwa wake shingo tupu.

Lakini kurudi si kupokelewa. Kikundi kile hakina kiingilio wala kadi. Kina desturi moja tu. Mmoja wao akikosa kufika pale wanapokutana, na hajatuma neno, hakuna kuwinda. Mbwa wanafungwa, watu wanapanda baiskeli, wanakwenda kwake kumtazama. Walianza hivyo baada ya mwenzao mmoja kuumwa na nyoka akiwa njiani kuwafuata, akafa peke yake huku wao wanafukuza mbweha upande wa pili. Hiyo ni haki ya mwenzao. Mgeni anakaribishwa, anawinda, anapewa michembe ya viazi na maziwa, ila asipokuja safari inaendelea. Kiongozi alimweleza Mwalimu hayo mbele yangu, hakuficha kitu. "Wewe unakaa Butimba, baba. Ukikosa, kukufuata ni mbali. Kwanza uwe mgeni wetu, mengine tutaona." Mwalimu akasema ameelewa na amekubali. Nilimwangalia usoni, nikajua kwamba hicho walichomnyima ndicho hasa alichokuja kukitafuta, na kwamba mbweha walikuwa kisingizio tu.

Miezi michache baadaye akaugua malaria, Jumamosi ikamkuta kitandani. Simu alikuwa nayo, lakini kwa makusudi hakutuma neno. Akalala na homa yake akisikiliza geti, asubuhi, mchana, mpaka giza likaingia. Hakuja mtu. Baadaye akasikia kwamba siku hiyo waliwinda vizuri tu. Aliyasimulia haya tukiwa tunakunywa chai pale Mabatini, na alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Nikamwambia awape muda, hawa ni watu wa polepole. "Sidai, Mwandishi," akanijibu. "Walinieleza tangu mwanzo." Kuanzia hapo hakukosa tena. Mvua inyeshe, jua liwake, kuwe na harusi ya mtoto wa kaka yake, Jumamosi anaipita Buhongwa, njiani kwenda kwao, kabla hakujapambazuka vizuri, mbwa pembeni. Miaka ikaenda hivyo. Mwaka huu presha ikampanda, daktari akamwambia aache baiskeli walau kwa muda. Nilimfuata nyumbani nikamgombeza kama mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo tangu Jumamosi ile hayanitoki: "Nikikosa tena wasije, nitakuwa nimejua kabisa. Heri niende nisijue." Nikaaga.

Basi Jumamosi hiyo hakufika. Walimsubiri, jua likapanda, wakapiga simu ikaita mpaka ikakatika. Wakafunga mbwa, wakapanda baiskeli, wote, hao mpaka Butimba. Geti limefungwa kwa ndani, na ndani mbwa anabweka kwa sauti iliyokwisha kukauka. Wakamwita mwenyekiti wa mtaa, mlango ukavunjwa. Daktari alisema mzee alikuwa amefariki tangu Alhamisi. Alhamisi, msomaji wangu. Mtaa wake ni mtaa wa watu waliosoma, wenye kuta ndefu na mageti yaliyopakwa rangi, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye magrupu ya simu sijui mangapi: la wastaafu, la ukoo, la kanisa, la mtaa. Jirani mmoja alinionyesha la mtaa. Ijumaa kuna mtu ameandika kwamba mwenye mbwa anayebweka amnyamazishe, watu wanataka kulala, na wengine wamemuunga mkono kwa vidole gumba. Siwaandiki hapa ili muwatukane. Hakuna mtu mbaya pale, na yule jirani amekonda kwa majuto. Ndivyo tunavyoishi siku hizi. Tumejenga vizuri, tumehamia, tumefunga mageti, tukasema salamu tutapeana kwenye simu. Na kwenye simu mtu aliyenyamaza hana tofauti na mtu mwenye shughuli nyingi. Mama yangu alikuwa akiona jikoni kwa jirani hakutoki moshi, anatuma mmoja wetu akaulize kulikoni, na wala hakuwa mtu wa ajabu, kila mama pale mtaani alifanya vivyo hivyo. Sasa tunapika kwa gesi, moshi hatuna, na sijui siku hizi tunaangalia nini badala yake.

Ibada ya kumuaga ilifanyika hapa Mwanza, kabla ya kumsafirisha kwenda Muleba kuzikwa kando ya mkewe. Wasifu ulisomwa vizuri na binti yake, kwa sauti iliyokatikakatika. Shule alizofundisha, vyeti alivyopata, uzee wa kanisa, yote yalitajwa. Kuhusu Jumamosi hapakuwa na neno hata moja, kwa sababu watoto hawakujua. Walidhani baba anafanya mazoezi ya baiskeli. Zikaja salamu za rambirambi, wakaitwa wastaafu, ikaitwa kwaya, wakaitwa majirani. Wale wawindaji walisimama nje ya uzio wameshikilia baiskeli zao, mashati yamepigwa pasi, na hakuna aliyewaita kwa kuwa hakuna aliyejua wawaite nani. Nilitoka nikaenda kusimama nao. Kiongozi akaniamkia, akaniambia mbwa wa Mwalimu wamemchukua na anakula vizuri.

"Mlimfuata," nikamwambia. "Kwa hiyo alikuwa mwenzenu."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ziwa lina maji. "Mwalimu? Wa siku nyingi. Mama yangu alipofariki alikuja, akalala chini na sisi mpaka msiba ukaisha, mzee mzima. Tulipomaliza tukakaa, tukasema huyu sasa ni wetu. Akikosa, tunakwenda. Butimba ni mbali lakini tunakwenda."

"Mlimwambia?"

"Kwetu mtu haambiwi, Mwandishi. Ataona mwenyewe siku akikosa." Akageuka upande, akajifuta uso kwa kiganja. "Na yeye akawa hakosi."

Kisha akaniuliza kama Mwalimu alikuwa anajua. Nilitamani sana kudanganya. Mtu yule alikuwa amepiga pedali kutoka kijijini mpaka Butimba kumtafuta mwenzake, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Nikamwambia hapana, hakujua, alikuwa anaogopa kukosa kwa sababu mara ile ya malaria hamkuja. Akakumbuka. Akasema wakati ule alikuwa bado mgeni. Akarudia, "Alikuwa bado mgeni," mara ya pili kwa sauti ndogo, kama anayemweleza marehemu mwenyewe, halafu akalaza baiskeli chini na kukaa pembeni yake. Wenzake wakamzunguka wakiwa wamesimama, wakimkinga watu wasimwone. Gari lililobeba jeneza lilipotoka getini walivua kofia. Sijapata kuona msiba uliosafirishwa kwa heshima kubwa zaidi ya ile, na familia iliyokuwa ndani ya gari haikujua wale ni akina nani.

Nimeandika safu nyingi za misiba na kila mara nimejitahidi kumalizia na jambo la kujifunza, kama nilivyozoeshwa. Safari hii ningependa kunyamaza, lakini nitasema, kwa sababu yuko mtu anayesoma hapa ambaye bado ana muda. Sisi watu wa kanda hii tunapenda kwa vitendo. Tunalipa ada, tunapeleka gunia la mpunga, tunalala msibani, halafu tunasema atajua tu. Kumtamkia mtu kwamba tunamhesabu kuwa wetu tunaona ni mambo ya kwenye tamthilia. Hajui, jamani. Baba yako hajui, mke wako hajui, yule mzee anayekaa peke yake nyuma ya geti la bluu hajui. Mwambie kwa mdomo wako, leo, angali anasikia. Mwalimu wetu alipanda baiskeli na presha yake, wiki baada ya wiki, kwenda kwa watu waliokwisha kumpokea kitambo, na mpaka anakufa alikuwa bado anadhani anaomba.