Mbegu ya Mlimani

Vilayvan alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa bado na meno ya utoto, na kwa miaka yote hiyo hakuna kiwavi aliyewahi kumshinda akili. Kisha mdogo wake, Thongdam, akaja likizo kutoka kaskazini kwenye kazi ya barabara milimani, mfukoni ana karatasi iliyojaa mayai ya nondo wa huko.

"Dada, vifukofuko vyao vya hariri ni vikubwa kama mayai ya kware! Vyenu hivi ni njugu tu."

Hapo ndipo mwanamke huyu, ambaye hata chumvi huipima mara mbili, alipofanya ujinga. Kawaida yetu hapa kijijini, kila mzao tunaacha vifukofuko kama mia vitoe nondo, watage, tupate mbegu. Safari hii hakuacha hata kimoja. Alivitia vyote kwenye chungu cha maji ya moto, akavuta uzi, na wadudu wa ndani tukawakaanga kwa pilipili. Nami nilikula, na walikuwa watamu. Mbegu ile aliirithi kwa mama yake, na mama kwa bibi, na ndiyo iliyomlisha.

Siku ya pili mayai ya Thongdam yakatoka kwenye umanjano yakawa ya kijivu. Ya kwetu yakibadilika rangi, kesho yake viwavi wametoka.

"Malaythong, chuma majani! Wanatoka!" akamwita bintiye.

Binti akachuma kikapu kizima cha majani ya mforosadi. Kesho yake hakutoka hata mmoja. Majani yakanyauka, wakachuma mengine, nayo yakanyauka. Vilayvan alikuwa akiamka, anainamia ungo, anayatazama mayai, na hana analoelewa. Hayakuoza wala hayakukauka. Yalikaa tu.

Akamshuku jirani yake, Oudone, kwamba alipita na samaki wa kuvundishwa, maana viwavi hawataki harufu kali.

"Wewe! Tangu lini yai likawa na pua?" Oudone akamjibu.

Basi akaona labda roho za viwavi hao zimebaki milimani. Akaandaa wali wa kunata, maua na yai la kuchemsha, akafunga uzi mweupe kwenye ungo, akaziita: "Njooni, wadogo zangu, msitangetange msituni, kwenu ni hapa."

"Unayaita mayai kwa yai la kuchemsha?" Oudone akacheka. "Hata mimi nisingetoka."

Siku ya ishirini akakata tamaa. Kwetu aliyekufa huchomwa, na kwake mayai yale yalikuwa yamekufa. Aliwasha mshumaa nyuma ya hekalu, akaichoma ile karatasi ya mayai kwa heshima zote, akalia waziwazi bila kujua amekosea wapi.

Jioni ile Thongdam, aliyekwisha rudi kazini, akapiga simu.

"Dada, kuna kitu nilisahau kukwambia, wenyeji wananicheka hapa. Mayai yale hayatoki mpaka yapigwe na baridi. Yamelala tu, ni mazima. Huku theluji inamaliza majani yote, kwa hiyo yanangoja ipite. Yaweke kwenye barafu miezi mitatu hivi."

Vilayvan akakaa chini.

"Mbona wa kwetu hawakuwa wakingoja kitu?"

"Wangoje nini, dada? Majani huko yapo mwaka mzima. Wamezaliana kwenye joto hilo tangu enzi za mabibi, kungoja wamekusahau kabisa." Thongdam akacheka, halafu akashusha sauti kama mtu anayeomba. "Tena wenyeji wanaitamani mbegu hiyo. Wanasema mdudu wa kutoka bila kungoja baridi hawajawahi kumwona. Nikija, utanipa ile ya mama kidogo?"

Vilayvan akakitazama kile chungu cha kuvutia uzi.

"Tuliila," akasema.