Tulivyookoa msitu Sikonge kwa big data, na ramani ikamponza baba yangu mdogo

Wakuu, heshima kwenu, wenye bando na mnaodandia wifi ya ofisi.

Jambo hili nimekaa nalo tangu msimu wa kurina asali uishe. Ni la kweli mwanzo mwisho, na natamani lingekuwa chai.

Mimi nakaa Mtendeni, Tabora mjini. Nimesoma mambo ya takwimu, kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilikuwa msomi wa kijiweni. Mungu si Athumani, nikapata kazi kwenye mradi mmoja. Jina nalihifadhi, ila ndani yake kulikuwa na "smart", "green" na "resilience", kwa hiyo mnaelewa kwamba magari yalikuwa mazuri.

Lengo lilikuwa kutunza misitu ya miombo kwa big data. Satellite inapiga picha juu, wananchi wanaleta data chini, kompyuta inachanganya, msitu unapona.

Zamani misafara ilipita kwetu ikifuata pembe za ndovu. Siku hizi zinapita Land Cruiser zikifuata data. Maendeleo hayo.

Kazi yangu ilikuwa kuwagawia warina asali simu. Ukifika kwenye mzinga wako unabonyeza kitufe, simu inachukua location. Basi.

Nikapangiwa kijiji cha baba mdogo Maganga, huko Sikonge, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki. Baba yangu alipofariki nikiwa darasa la sita, huyu ndiye aliyenisomesha. Ada yangu yote ilitoka kwenye mizinga yake, ile ya magome anayoitundika mwenyewe juu ya miti.

Data zikaja haraka, safi, hadi nikajisikia fahari. Mizinga yote ilionekana iko kwenye mashamba ya mihogo, na mingine mingi ikizunguka kanisa la Moravian. Kwa mujibu wa dashboard yetu, nyuki wa Sikonge walikuwa wameokoka.

Bosi wa Dar akafurahi sana. Mimi ndiye niliyeandaa slides.

Mtu yeyote aliyelelewa na Wanyamwezi angeshtuka pale pale. Mimi ni Mnyamwezi. Sikushtuka, nilikuwa na kishikwambi.

Niwaeleze wasiojua. Mrina asali haonyeshi mtu mizinga yake. Watakaa kambi moja porini wiki kadhaa, watakula sufuria moja, ila asubuhi kila mtu anashika njia yake na hakuna wa kumfuata mwenzake. Sasa hao ndio tuliowapa kitufe. Mgeni hakataliwi, kwa hiyo hawakukataa. Walibaki kijijini wakabonyeza.

Kompyuta ikafanya kazi yake. Msitu wa ng'ambo ya mto, ambako ndiko mizinga iliko, ukaonekana hauna shughuli yoyote. Ripoti ikapendekeza ufunguliwe kwa kuni za kukaushia tumbaku. "Kwa njia endelevu," lakini. Hatukuwa watu wabaya.

Baada ya muda miti ikaanza kupigwa rangi nyekundu, tayari kukatwa.

Baba mdogo akaja hadi kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, wamepaka rangi miti yangu."

"Baba, ramani inaonyesha kule hakuna mzinga hata mmoja."

"Ipo. Tangu enzi za babu yako ipo."

"Sasa mbona mlibonyezea kanisani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto mdogo. "Ulitaka tubonyezee wapi?"

Nikampigia bosi. Akasema akipatikana mrina mmoja tu, mizinga yake ikahakikiwa ndani ya msitu ule, eneo lote linaondolewa kwenye orodha ya kukatwa. Nikaenda kuwaambia wanakikundi. Kila mtu anaangalia viatu vyake.

Baba mdogo akasimama. "Mimi ndiye mwenyekiti. Nitaonyesha yangu."

Tulizunguka siku tatu, baiskeli tukiisukuma zaidi ya kuipanda. Kabla yangu, aliyewahi kuiona ile mizinga ni Mzee Kapaya peke yake, rafiki yake wa kambini tangu ujana wao. Siku ya tatu simu ikaisha chaji imebaki mizinga miwili. Nikamwambia inatosha.

Msitu ukapona. Hapa sitanii wakuu, nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi. Ofisini tulikata keki.

Lakini mradi wa kisasa lazima uwe na open data. Ramani ikawekwa kwenye website, mtu yeyote anazoom hadi kwenye mti. Kabla ya kupublish kuna fomu inauliza kama data zina taarifa nyeti za watu. Nikatiki "hapana". Mzinga si mtu.

Msimu ulipofika, baba mdogo alikuta mizinga imeangushwa na masega yamekatwa yote. Yote isipokuwa miwili.

Mnajua ni ipi. Mimi sikuhitaji upelelezi.

Niliandika ofisini waiondoe ramani. Wakanijibu kwa upole kwamba imeshapakuliwa na wadau mbalimbali, na wakanishukuru kwa mrejesho wenye tija. Wadau, eti.

Wiki mbili baadaye akaja Mtendeni. Kila mwaka huwaletea wanangu dumu la asali. Safari hii alikuja mikono mitupu, akaniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi.

Kisha akaniambia amehama kambi ya Kapaya. Hawasalimiani tena.

"Mizinga yangu inajulikana na watu wawili tu," akasema. "Wewe ni mwanangu. Kwa hiyo ni Kapaya. Ile miwili aliniachia kwa huruma."

Mimi, msomi, nikasema, "Pole baba." Nikammiminia chai.

Nilichojifunza: wale wazee walikuwa na ulinzi wa data kabla sisi hatujaupa jina, na ulifanya kazi vizuri hadi nilipofika. Anayeishi na msitu akificha kitu, muulize kwanza sababu. Usimhesabu kuwa hajui teknolojia.

Jumapili naenda kijijini. Maneno nimeshayapanga mara nyingi, na kila mara yanaanza na "mfumo". Mfumo haukutiki ile fomu.

Wa kunitukana pitieni hapa chini, mna haki. Ila kama kuna aliyewahi kukiri kosa kwa mzazi anayemwamini mwanawe kuliko rafiki yake wa maisha, naomba aniambie alianzaje, maana Mzee Kapaya wa watu hadi leo hajui amekosa nini.